Uzi: Sifuri hazihesabiwi, wakuu. Tujifunze kusoma namba ndefu (milioni, bilioni, trilioni na kuendelea)

#1
Kibanda Jamatini (mleta mada)

Wakuu, habari za mchana.

Nina steshenari hapa Dodoma mjini, si mbali na Jamatini. Nachapa, natoa kopi, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Tangu Serikali ihamie huku, kazi inayonipa riziki kuliko zote ni hati za mauziano ya viwanja na barua za zabuni, kwa hiyo nashinda na namba ndefu. Kuna kitu nakiona kwa watu wa kila aina, kuanzia mama anayenunua kiwanja chake cha kwanza Nzuguni hadi mhandisi mwenye kitambulisho shingoni. Namba ikishazidi laki, ncha ya kalamu inaanza kugusa sifuri moja moja. "Moja, mbili, tatu, nne..." Simu ikiita akiwa kwenye ya saba, anaanza upya.

Sifuri hazihesabiwi. Kinachohesabiwa ni koma. Koma moja ni elfu, mbili milioni, tatu bilioni, nne trilioni. Basi.

Chukua hii: 56,490,000,000,000. Usiiguse kwa kalamu. Koma nne, kwa hiyo ni trilioni. Kushoto kabisa kuna 56: trilioni hamsini na sita. Kundi linalofuata ni la bilioni: mia nne na tisini. Umemaliza. Hiyo ndiyo bajeti ya Serikali ya 2025/26 iliyosomwa Bungeni hapa hapa Dodoma Juni 2025, ile ambayo magazeti yaliandika "trilioni 56.49".

Kama namba haina koma, ziweke mwenyewe, ukianzia KULIA. Narudia, kulia. Wengi wanaanza kukata kutoka kushoto kwa sababu ndiko tunakoanzia kusoma, halafu 15000000 inageuka 150,000,00 na mtu anakaa kushangaa.

Sasa niseme kinachonisumbua zaidi. Sifuri za mwishoni hazina shida kubwa, kila mtu anaziogopa kwa hiyo anaziangalia. Zinazoumiza ni za katikati, maana hazitamkwi. Sensa ya 2022 ilihesabu mkoa wetu wa Dodoma watu 3,085,625. Mtamkie mtu: "milioni tatu, elfu themanini na tano, mia sita ishirini na tano." Sikiliza vizuri, sifuri imetajwa wapi? Haipo. Ndiyo maana anayeandika kwa kusikia anaweza kukuletea 385,625 na mkoa mzima ukapotea. Majirani zetu Singida ndio wana balaa kabisa: 2,008,058. Sifuri tatu humo ndani na hakuna hata moja inayotoka mdomoni.

Dawa yake: kundi la kwanza kushoto linaweza kuwa na tarakimu moja, mbili au tatu. Makundi yote yanayofuata LAZIMA yawe na tatu. Ukisikia "elfu nane" baada ya milioni, andika 008. Ukisikia "hamsini na nane" mwishoni, andika 058. Ukiona kundi lenye tarakimu mbili katikati ya namba, rudi ulikotoka.

Na hii ndiyo inayofanya bilioni 3.5 na bilioni 3.05 zisiwe ndugu. Ya pili ni bilioni tatu na milioni hamsini. Kati yao kuna milioni 450, na sura zao kwenye karatasi zinafanana kama mapacha.

Wenye uzoefu wa namba kwenye fani zenu, karibuni.

#2
Mtoto wa Majengo

Nimewahi siti ya mbele. Uzi wa faida huu.

#3
Alizeti Iramba

Mkuu, kwa pesa ninazoshika mimi koma moja inatosha. Ukiona tarakimu nyingi kwenye simu yangu ujue nimetumiwa kontroo namba.

#4
Zamani Kaunta

Vijana, hamjambo. Mimi ni mstaafu wa benki, nimekaa kaunta tangu noti kubwa ikiwa ndogo.

Mleta mada ameeleza vizuri, niongeze la hundi. Mnajua kwa nini tunaandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, halafu tunamalizia na neno "tu"? "Shilingi milioni kumi na tano tu." Hilo "tu" linafunga mlango upande wa maneno, na ile alama ya /= inafunga upande wa tarakimu. 1,500,000 ikiachwa wazi, mwenye mkono mwepesi anachomeka sifuri moja na kusogeza koma. 1,500,000/= haina pa kuchomeka.

Vikipingana je? Sheria ya hati za malipo ya Uingereza ya 1882, ambayo ya kwetu imefuata nyayo zake, inasema kiasi kinacholipwa ni kile cha maneno. Ni busara. Mtu anaweza kukosea sifuri bila kujua, lakini ni vigumu kuandika "milioni kumi na tano" kwa bahati mbaya. Kwa vitendo lakini, ukija kaunta na hundi ya namna hiyo tunakurudishia ukaandike nyingine. Usije na kifungu cha sheria.

#5
Kibanda Jamatini (mleta mada)

Shikamoo mzee Kaunta. Umenikumbusha hati moja ya kiwanja iliyoletwa kwangu kutolewa kopi. Ilichapwa kwingine. Kwa maneno milioni kumi na tano, kwa tarakimu 1,500,000. Muuzaji ameshasaini, mnunuzi ameshasaini, mashahidi wote. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyekataa kugonga muhuri mpaka irudiwe. Mzee hana hata kikokotoo, ana miwani tu.

#6
Zamani Kaunta

Marahaba. Mwenyekiti huyo apewe kaunta.

Kuna jambo lingine nilikuwa nawafundisha vijana wapya pale kazini, maana mtu anaweza kusoma "trilioni" vizuri na bado asijue amesema nini. Bunda moja la benki ni noti mia. Bunda la misimbazi (noti za elfu kumi) kwa hiyo ni milioni moja, na likiwa jipya unene wake ni kama sentimita moja. Hapo umeishika milioni kwa vidole viwili.

Sasa ongeza koma. Bilioni ni mabunda elfu moja: yapange yakiwa yamelaliana na rundo linafika mita kumi, ghorofa tatu hivi. Ongeza koma nyingine. Trilioni ni mabunda milioni moja, kilomita kumi za unene wa noti. Sentimita, mita kumi, kilomita kumi. Watu huwa wanadhani kutoka bilioni kwenda trilioni ni hatua kama ya kutoka mia kwenda mia mbili.

Bajeti ya trilioni 56.49 ni kilomita 565 za misimbazi iliyobanana, noti kwa noti. Njia kuu ya reli ya SGR kutoka Dar hadi Makutupora ni kilomita 541. Inafika na chenji inabaki.

#7
Mtoto wa Majengo

Makutupora ipi mzee, hii ya zabibu na jeshi hapa juu?

#8
Zamani Kaunta

Ya Manyoni, mkoa wa Singida. Treni inapita Dodoma kwanza ndiyo inaelekea huko. Majina yanafanana, kila siku wageni wanapotea.

#9
Korido ya Kati

Mbukwenyi! Mimi nasindikiza mizigo ya Burundi na Rwanda: Moro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, halafu Kabanga au Rusumo. Mleta mada, uzi wako mzuri, ila kanuni ya koma ina mpaka wake, na mpaka wenyewe uko pale Kabanga.

Karatasi zinazotoka upande wa Kifaransa zinaandikwa 12.500.000,00. Nukta ndizo zinazotenga maelfu, na koma ndiyo inayotenga senti. Ukihesabu koma kama ulivyofundisha hapo juu utapata koma moja, useme elfu! Na kinyume chake kipo: karani wa kule akiona yetu 12,500 anaweza kuisoma kumi na mbili na nusu.

Hiyo bado ndogo. Majina yenyewe hayalingani. Sisi tunasema bilioni kwa sifuri tisa. Wao sifuri tisa wanaita "milliard". Neno "billion" wanalo, ila kwao lina sifuri KUMI NA MBILI, yaani trilioni yetu. Tajiri mmoja wa Bujumbura alikuwa anazungumza na dalali wetu kwa simu, huyu anasema bilioni, yule anasikia "billion", mazungumzo yanaendelea vizuri tu na heshima kibao, lakini kila mmoja anaongelea dunia yake. Mpaka namba ilipoandikwa kwenye karatasi ndiyo watu wakaangua kicheko.

#10
Spea za Bajaji Sabasaba

Umesema koma zinagoma Kabanga, mimi niongeze kwamba na tatu tatu zinagoma India. Ankara za spea zikija kwa rupia zinaandikwa 12,50,000. Mara ya kwanza kijana wangu wa dukani alidhani mchapaji amelewa. Kumbe wenzetu kundi la kwanza kulia wanalifanya la tarakimu tatu, halafu yanayofuata ni ya mbili mbili. Hiyo ni laki kumi na mbili na nusu: 12 ni laki, 50 ni elfu. Laki moja kwao ni 1,00,000 na laki mia moja ni 1,00,00,000. Ukishajua, inasomeka bila taabu, maana laki tunayo hata sisi.

#11
Kibanda Jamatini (mleta mada)

Nimekubali, wakuu. Basi tuseme hivi: ndani ya Tanzania, koma. Karatasi ikiwa ya nje, angalia kwanza imetoka wapi, ndipo usome imeandika nini. Mimi kwenye zabuni zenye wageni nimeanza kuacha nafasi badala ya alama yoyote, 12 500 000, Mfaransa na Mhindi wote wasome.

#12
Mwalimu wa Kondoa

Hapo kwenye nafasi umegonga penyewe. Ndivyo vipimo vya kimataifa vinavyoelekeza: mkutano mkuu wa vipimo na mizani wa 1948, na tena wa 2003, ulisema makundi ya tatu tatu yatengwe kwa nafasi, koma au nukta ibaki kazi ya desimali tu. Gazeti lolote halikusikia, ila vitabu vya sayansi vilisikia.

Nimfafanulie Korido. Huo mkanganyiko wa bilioni si ugomvi wa Kiswahili na Kifaransa. Zipo ngazi mbili duniani. Ngazi fupi kila jina jipya linaongeza sifuri tatu: milioni 6, bilioni 9, trilioni 12, kwadrilioni 15. Ngazi ndefu kila jina linaongeza sita: milioni 6, bilioni 12, trilioni 18. Wafaransa na Wajerumani wako kwenye ndefu. Waingereza nao walikuwa huko, mpaka 1974 Serikali yao chini ya Waziri Mkuu Harold Wilson ilipotangaza kwamba takwimu zake zitatumia bilioni ya sifuri tisa kama Wamarekani. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha zamani cha Kiingereza kwenye kabati la shule kinasema "billion", tazama mwaka wa kuchapwa kabla hujamfundisha mtoto.

Kuna noti mbili napenda kuwaonyesha wanafunzi picha zake. Moja ya Ujerumani, enzi za mfumuko wa bei wa 1923, imeandikwa "Hundert Billionen Mark". Ya pili ya Zimbabwe ya 2009, imeandikwa "One Hundred Trillion Dollars". Ukisoma majina, ya Zimbabwe inaonekana imeiacha ya Ujerumani mbali sana. Ukiandika sifuri, zote mbili ni 1 ikifuatiwa na sifuri 14. Namba ni ile ile!

Na aliyezishinda zote ni Hungaria ya 1946. Noti yao kubwa iliyotoka ilikuwa ya pengo 100,000,000,000,000,000,000, sifuri ishirini. Ila juu ya noti hukuti sifuri hizo, waliandika kwa maneno na kifupisho. Nadhani hata mchapaji alichoka.

#13
Alizeti Iramba

Sasa sisi tunangoja nini? Tufute sifuri tatu kwenye shilingi, msimbazi uwe shilingi kumi, tupumue. Uzi ufungwe.

#14
Spea za Bajaji Sabasaba

Ndizi ya mia mbili itakuwa senti ishirini. Muuzaji ana senti ishirini ya kukurudishia? Hana. Ataifanya senti hamsini, na wewe utalipa kwa sababu ni "ndogo". Mimi mfanyabiashara nakwambia, bei itapanda siku hiyo hiyo na hakuna atakayekushika shati.

#15
Zamani Kaunta

Alizeti, wako waliofanya. Uturuki walifuta sifuri sita Januari 2005. Ghana nne, Julai 2007. Zambia tatu, Januari 2013. Zimbabwe walifuta tatu 2006, kumi 2008, kumi na mbili 2009, jumla ishirini na tano, na mwaka huo huo wakaiacha kabisa sarafu yao wakatumia za wageni.

Ona tofauti. Wale watatu wa kwanza walifuta baada ya mfumuko wa bei kushikwa, wakawa wanafagia vumbi la zamani. Zimbabwe walifuta huku moto unawaka, sifuri zikaota tena. Kufuta sifuri hakukuongezei hata kiberiti: mshahara unakatwa tatu, kodi ya nyumba inakatwa tatu, deni la dukani linakatwa tatu, mnabaki mlipokuwa. Faida yake ni vitabu vya hesabu kuwa vifupi na mashine kutolemewa. Noti yetu kubwa ina sifuri nne tu. Sioni kinachotukimbiza.

#16
Alizeti Iramba

Sawa mzee, nimeondoa hoja.

#17
Dada wa Masjala

Mbona hamjagusa kompyuta? Niko ofisi moja Mtumba, kazi yangu ni orodha. Orodha za watumishi, za wanufaika, za malipo. Adui yangu ni sifuri ambazo hakuna binadamu aliyeziandika.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ukiiandika kwenye Excel kama namba ya kawaida, kwanza inakuonyesha kitu kama 1.99E+19. Mtu anaona imekunjwa, anapanua safu, anabadilisha mwonekano, namba inatokea ndefu na nzuri, anahifadhi, anatuma. Angalia mwisho wake: 00000. Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba, kuanzia ya 16 inaweka sifuri. Zile tano za mwisho zimekufa na hazirudi hata ufanyeje, labda umpigie mwenye kitambulisho. Nimeshapokea orodha nzima ya kijiji, watu wote wanaishia na sifuri tano, na aliyeituma anaapa aliandika mwenyewe kwa mkono wake. Kweli aliandika.

Kinga: badili seli ziwe za maandishi KABLA hujaandika, au tanguliza alama ya ' mbele ya namba. Ukibadili baadaye umechelewa.

Namba za simu ni kinyume chake: inafuta sifuri ya mwanzo, 07 inabaki 7. Dawa ni ile ile. Kontroo namba ina tarakimu 12, hiyo inapona, ila itakutisha kwa kuandikwa 9.91E+11. Na hapo naomba nieleze maana wengi wanaidhani vibaya. E+11 haisemi kuna sifuri kumi na moja. Inasema sogeza nukta hatua kumi na moja kwenda kulia. 9.91E+11 ni 991,000,000,000, bilioni mia tisa tisini na moja, sifuri tisa. Hatua mbili za kwanza nukta inaruka juu ya 9 na 1, ndipo inaanza kuzaa sifuri.

#18
Kibanda Jamatini (mleta mada)

Dada wa Masjala ubarikiwe. Hilo la NIDA nalichapa nalibandika ukutani.

#19
Mtoto wa Majengo

Swali la mjinga: nilitaka kugawa hiyo bajeti kwa idadi ya Watanzania, kikokotoo cha dukani kinagoma. Nikibonyeza sifuri zinakataa kuingia.

#20
Dada wa Masjala

Vikokotoo vingi vya mezani vinaishia tarakimu 12. Trilioni inaanzia tarakimu 13, haiingii.

Usiingize sifuri, zigawe kichwani. Bajeti trilioni 56.49, sensa ya 2022 watu 61,741,120, tuseme milioni 61.74. Bonyeza 56.49 gawanya kwa 61.74, unapata 0.915. Sasa sifuri: trilioni 12, toa za milioni 6, zinabaki 6. Sita ni milioni. Kwa hiyo milioni 0.915, yaani shilingi 915,000 kwa kila mtu, mtoto wa mgongoni akiwemo. Kugawanya, sifuri zinatolewa. Kuzidisha, zinajumlishwa. Ukiwa na hiyo, kikokotoo cha shilingi elfu tano kinakokotoa deni la taifa.

Ziko pia ripoti za hesabu ambazo sifuri tatu zimekatwa tayari. Juu ya safu wanaandika TZS '000 kwa herufi ndogo. Anayeruka kichwa cha jedwali anasoma bilioni kama milioni, anakwenda kupiga kelele kwamba mradi umejengwa kwa bei ya bodaboda tatu.

#21
Korido ya Kati

Na wanaonitumia ujumbe "nitumie mbili na nusu" nao muwaseme. Mbili na nusu ni 2,500 au 250,000? Kwa mke wangu ni ya kwanza, kwa fundi gereji ni ya pili. Halafu "elfu mia mbili na hamsini", kuna mwanasheria aliwahi kuniuliza kama ni 250,000 au 200,050. Nikacheka. Hakucheka.

#22
Kibanda Jamatini (mleta mada)

Ndiyo maana kwenye hati naandika "laki mbili na elfu hamsini". Kila kundi lipewe jina lake, hapo hakuna cha kubishania.

#23
Mwalimu wa Kondoa

Kwa kuwa mmetulia, niwape ya kuchezea akili. Haisi ya Nkuhungu ina siti za abiria 14. Abiria 14 wanaweza kukaa kwa mipangilio mingapi tofauti? Wa kwanza ana chaguo 14, wa pili 13, wa tatu 12, unazidisha mpaka 1. Wahesabu wanaandika 14! na kuiita faktoriali. Jibu ni 87,178,291,200. Bilioni themanini na saba! Mkibadilishana siti kila sekunde moja bila kulala, mtamaliza baada ya miaka zaidi ya 2,700.

Konda akibana mtu mmoja tu, 15!, inakuwa 1,307,674,368,000. Mtu mmoja ameingia, tumetoka bilioni tumeingia trilioni.

Sasa swali. 14! inaishia na sifuri mbili, 15! tatu. Bila kuzidisha chochote, 100! inaishia na sifuri ngapi?

#24
Alizeti Iramba

Konda wa Nkuhungu habani mmoja mwalimu. Hesabu 18.

#25
Spea za Bajaji Sabasaba

Kumi. Maana kuna 10, 20, 30 mpaka 100. Aah, 100 ina mbili. Kumi na moja.

#26
Mwalimu wa Kondoa

Umekaribia njia, hujafika. Sifuri ya mwishoni haizaliwi na 10 peke yake. Inazaliwa kila 2 inapokutana na 5. Kwenye 14! kuna 5 na 10, tano mbili, sifuri mbili. 15 ikaleta tano ya tatu. Mbili ni nyingi mno, kila namba shufwa inaleta angalau moja, hazitaisha. Zilizo adimu ni tano. Hesabu tano, umehesabu sifuri.

Kuanzia 1 hadi 100, zinazogawanyika kwa 5 ni 20. Lakini 25, 50, 75 na 100 zimebeba tano mbili mbili, kwa hiyo ongeza 4. Jibu 24. Namba yenyewe ina tarakimu 158 na hatukuhitaji kuiona.

Kazi ya nyumbani: 1000!

#27
Dada wa Masjala

1000 gawanya kwa 5 ni 200. Kwa 25 ni 40. Kwa 125 ni 8. Jumla 248.

#28
Mwalimu wa Kondoa

Umesahau 625.